Mikono miwili ya kushoto

BARUA

Shikamoo dada,

Naandika barua hii saa tano usiku. Cherehani nimeshaifunika, na binti ninayetaka kukueleza habari zake yuko jikoni anaosha vyombo. Mimi ni fundi wa nguo za kike na sare za shule hapa Moshi, nina kibanda karibu na soko la Mbuyuni. Nina miaka 43, na kazi hii naifanya tangu nikiwa na miaka 17.

Mwaka jana mwezi wa nane kaka yangu aliniletea binti yake kutoka Rombo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo hayakuwa mazuri. Kaka akaniambia, "Mfundishe kazi, asikae bure nyumbani." Nikampokea kwa moyo mmoja, maana mtoto wa kaka ni mwanangu. Ana miaka 19, ana heshima, hachagui kazi. Kupiga pasi anajua, vifungo anajua, oveloki anaiendesha vizuri kuliko yule msichana niliyekuwa naye kabla yake.

Tatizo ni kukata. Akikunja kitambaa mara mbili anakata vizuri tu. Lakini mpe kitenge chenye picha, kile ambacho lazima ukitandaze ubavu mmoja ili ndege wasije wakakaa kichwa chini, anakata mikono miwili ya kushoto. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikamwelekeza: ukishachora mkono wa kwanza, geuza pateni, ile karatasi yenye umbo la mkono wa nguo, ndipo uchore wa pili. Akaniambia, "Nimeelewa shangazi." Mara ya tatu ni wiki mbili zilizopita. Lilikuwa gauni la mama mmoja, la kuvaa kwenye sendofu ya binti yake. Kitenge alikinunua mwenyewe Dar, hapa Moshi nimekitafuta sijakipata. Nilitoka kidogo kwenda kununua zipu. Narudi, nakuta mikono miwili ya kushoto imelala mezani kama mapacha.

Nilimpiga. Nakuandikia ukweli. Nilishika ile futi ya mbao nikamchapa mkononi mara mbili mbele ya mteja mwingine, nikamwambia na maneno ambayo sitaki kuyarudia. Hakulia. Aliganda tu. Tangu siku hiyo ndiyo ameharibika kabisa, hata alivyokuwa anaviweza anakosea. Juzi kashona zipu kinyume. Nikisimama nyuma yake mkono unamtetemeka. Akikosea, anakitolea macho kitambaa kama hajawahi kukiona, hadi nimwambie, "Endelea, wateja wanasubiri."

Watu nao wana maneno. Mama yangu ananiambia mchelea mwana kulia hulia yeye, nisimwonee huruma. Jirani yangu wa kibanda cha pili anasema huyu mtoto amefungwa, nimpeleke akaombewe. Mimi mwenyewe nilifundishwa kwa makofi na kazi nikaijua. Tena nimeona kwa macho yangu: nikimsifia leo, kesho anaharibu, nikimfokea, kinachofuata kinakuwa kizuri. Ila sasa hata kumfokea hakusaidii, na hasira inanipanda kabla sijajua imetoka wapi. Usiku najuta.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Huyu anarudia. Je, ni kichwa kizito? Ubongo wa mtu unashindwaje kujifunza jambo lililomuumiza hivyo? Nimrudishe Rombo kabla msimu wa sare haujaanza? Nisaidie dada yangu.

Fundi wa Mbuyuni, Moshi

JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Usimrudishe Rombo. Naanza na hilo ili ukilala leo liwe limekutoka kichwani.

Nakujibu kama mtu aliyekulia chini ya meza ya kukatia. Mama yangu alikuwa fundi hapa Arusha, mtaa wa Kaloleni, na kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Baadaye nikasomea mambo ya ubongo na tabia, nikayafundisha kwa miaka mingi kwa watu wanaojiandaa kuwa walimu. Kwa hiyo barua yako nimeisoma kwa macho mawili, la mtoto wa fundi na la mwalimu.

Jicho la mtoto wa fundi liliona jambo ambalo umeliandika mwenyewe halafu ukalipita: kitambaa kikikunjwa mara mbili, anakata vizuri. Basi si kichwa kizito. Na jirani yako umwambie kwa upole kwamba aliyefungwa hafunguliwi na kukunja kitambaa. Kama mnasali pamoja, salini, ni jambo jema. Lakini kitambaa kilichokunjwa kinamfanyia binti ile kazi ya kugeuza. Mkasi unapita mara moja, mkono wa kulia na wa kushoto vinatoka vyenyewe, vimetazamana kama uso na kioo. Kikitandazwa ubavu mmoja, kioo hicho inabidi kiwe kichwani mwake. Hakimo bado. Wewe ulimpa maneno, "geuza pateni," naye akayapokea maneno. Alipokujibu "nimeelewa shangazi" hakukudanganya. Maneno aliyaelewa. Picha ndiyo hajaipata.

Sasa nikujibu swali lako, maana ni swali zuri sana. Umeuliza ubongo unashindwaje kujifunza jambo lililomuumiza mtu hivyo. Ubongo wa binti haukushindwa. Ulijifunza siku ile ile, tena kwa mara moja tu. Ila ulijifunza jambo lingine. Wewe ulitaka ajue kugeuza pateni. Alichokijua ni kwamba shangazi akisimama nyuma yake, maumivu yako njiani. Ndiyo maana mkono unatetemeka hata kwenye zipu, ambayo haina kosa lolote katika kesi hii.

Yuko mtaalamu wa ubongo anaitwa Wolfram Schultz, Mjerumani, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi. Alikuwa akipima seli za ubongo wa kima, zile zinazotoa kemikali inayoitwa dopamini. Kima akipewa tone la juisi bila kutarajia, seli zilichachamaa. Kisha kikawekwa kitaa kinachowaka kabla ya juisi kuja. Kima alipozoea, seli zikawa zinachachamaa kitaa kinapowaka, na juisi yenyewe ilipofika zilikaa kama kawaida. Lilikuwa jambo linalojulikana. Siku nyingine kitaa kiliwaka na juisi isije. Hapo, wakati ule ule ambao tone lilipaswa kudondoka, seli zikanyamaza. Mwaka 1997 Schultz na wenzake wawili, Peter Dayan na Read Montague, waliandika maana yake: kinachoufundisha ubongo ni pengo kati ya kile ulichokitarajia na kile kilichotokea. Pasipo matarajio hakuna pengo, na pasipo pengo hakuna somo.

Rudi sasa mezani kwako siku ile ulipokwenda kununua zipu. Binti ametandaza kitenge, amechora kwa chaki, ameshika mkasi. Anatarajia nini? Anatarajia mkasi ufuate mstari, na umefuata. Anatarajia ukingo utoke safi, na umetoka safi. Kwa ubongo wake kila kitu kimekwenda sawasawa, pengine hata alijisikia vizuri na kungoja shangazi arudi aone. Pengo lake halipo pale mkasi unapokata. Lipo mbele, pale mkono utakapokataa kukaa begani. Kabla hajafika huko, wewe umeingia na futi. Ubongo umepata pengo kweli, kubwa sana, lakini ni pengo la kutarajia kusifiwa na kuambulia kichapo. Kuhusu pateni haukuambiwa lolote.

Najua utasema, "Lakini dada, si inaonekana kwa macho tu kwamba ni ya kushoto yote miwili?" Kwako inaonekana. Hapa ndipo mafundi hodari tunapowaonea wanafunzi wetu pasipo kujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ujerumani na wa Marekani, kila kundi kwa upande wake, waliwabandika watu vipokezi vya umeme kwenye ngozi ya kichwa, wakawapa kazi ya kubonyeza vitufe haraka haraka. Mtu alipobonyeza kitufe kisicho sahihi, ubongo wake ulitoa ishara ya umeme ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, upesi kuliko hata mtu kusema "aa!" Ni kengele ya kosa. Umeishi nayo miaka 26. Mkasi ukitaka kwenda kombo, mkono wako unasita kabla akili haijasema neno. Lakini kengele hiyo humlilia anayejua tayari lililo sahihi. Ambaye bado yuko njiani kujifunza, ubongo wake hauna cha kulinganisha, kwa hiyo unangoja habari zitoke nje. Binti hapuuzi kengele mdogo wangu. Hajafungiwa bado, na anayeweza kumfungia ni wewe.

Kuna na lile la kuganda na kukitolea macho kitambaa. Limenigusa, kwa sababu nadhani unalisoma kinyume. Mwaka 1966 mtafiti mmoja wa Uingereza, Patrick Rabbitt, alionyesha kwamba mtu akishakosea, jibu lake linalofuata huchelewa kidogo. Tumelithibitisha mara nyingi tangu hapo. Ubongo uliogundua kosa hupunguza mwendo, kama dereva aliyepitiwa na tuta asiloliona. Ule ukimya wa binti ndio wakati pekee ambapo huenda anajifunza kweli, na ndio wakati unaomwambia, "Endelea, wateja wanasubiri." Mwache. Hesabu pumzi zako kumi. Mteja aliyengoja siku nne atangoja na pumzi kumi.

Nije kwenye makofi, na hapa sitazunguka. Kumpiga ulikosea. Ulikosea kwa sababu ni mtoto wa watu aliyekabidhiwa mikononi mwako, na hilo lingetosha hata kama kichapo kingefundisha kukata vizuri. Lakini pia hakifundishi. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua kati ya visanduku viwili, cheupe na cheusi. Aliyeingia kisicho chake alipigwa shoti ya umeme. Tofauti ya visanduku ilipokuwa wazi, shoti kali iliharakisha kujifunza. Tofauti ilipokuwa ndogo, ya kuhitaji utulivu, shoti kali iliwachelewesha panya, na ile ya wastani ikafaa zaidi. Kitu rahisi, woga unaweza kukisukuma. Kitu kigumu, woga unakivuruga. Na kugeuza umbo kichwani, ukaliona la upande wa pili kabla halijachorwa, ni kazi ngumu. Inahitaji msaada wa sehemu ya mbele ya ubongo, hapo nyuma ya paji la uso, na sehemu hiyo ndiyo inayolegea kwanza mtu akishikwa na hofu. Ubongo wenye hofu unakabidhi usukani kwa yale ya kujiokoa: kuganda, kukimbia, kutazama uso wa mwenye kupiga. Kwa kijana wa miaka 19 sehemu hiyo bado inakomaa, itaendelea hadi katikati ya miaka ya ishirini.

Unaniambia nawe ulifundishwa kwa makofi na kazi ukaijua. Nakuamini. Sasa wakumbuke wale mliokuwa nao pale kwa fundi wako, walioacha kazi wakaenda. Wako wangapi? Sisi tuliobaki ndio tunaosimulia, kwa hiyo makofi yanapata mashahidi wa upande mmoja. Na mama umwambie nimemsalimu, shikamoo yake. Methali yake naiheshimu, lakini mimi niliielewa kuwa inamsema mzazi anayeogopa kumnyima mtoto anachokililia. Binti yako hakulia, wala hakuna alichoomba.

Sehemu ya barua yako niliyoirudia mara tatu ni pale uliposema, nikimsifia leo kesho anaharibu, nikimfokea kinachofuata kinakuwa kizuri. Hilo umeliona kweli. Hukulitunga. Lakini limekudanganya, na limewadanganya watu waliosoma kutuzidi mimi na wewe.

Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia kwamba zamani aliwahi kuwafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli. Aliwaambia sifa hufundisha kuliko karipio. Mkufunzi mmoja mzoefu akasimama akampinga, kwa maneno yanayofanana sana na yako: nikimsifu rubani kwa kuruka vizuri, safari inayofuata anaharibu, nikimfokea kwa kuruka vibaya, inayofuata anafanya vizuri. Kahneman akachora alama sakafuni kwa chaki, akamtaka kila mmoja airushie sarafu mbili akiwa ameipa mgongo, bila kuambiwa zimeangukia wapi. Waliokaribia sana kwenye sarafu ya kwanza, wengi wao walikuwa mbali zaidi kwenye ya pili. Waliokuwa mbali sana, wengi walikaribia. Hakuna aliyesifiwa wala kufokewa.

Jaribu mwenyewe Jumapili. Weka kopo tupu la maziwa nyuma yako, rusha vifungo. Ukiona kimoja kimetumbukia, kinachofuata karibu kila mara kitakuwa kibaya kuliko hicho, maana kipi kingekishinda? Na kilichoruka hadi mlangoni, kinachofuata kitalikaribia kopo. Kazi ya mwanafunzi iko hivyo hivyo. Ina siku za juu na za chini kuzunguka uwezo wake wa kawaida. Wewe unamfokea siku ya chini kabisa, na baada ya chini kabisa hakuna pa kwenda ila juu. Unamsifia siku ya juu kabisa, na kesho anarudi katikati. Ubongo wako, ambao nao unajifunza kwa pengo kama wa kima na wa binti, umehesabu hivi kwa miaka mingi: nimefoka, mambo yakatengemaa, basi nifoke tena. Kila mara ulipewa tone la juisi. Ndiyo sababu hasira inakupanda kabla hujajua imetoka wapi. Imekuwa mazoea, na mazoea hayaombi ruhusa. Macho yanaona kitambaa kilichoharibika, mkono umeshafika kwenye futi.

Kwa hiyo katika kibanda hicho kuna wawili waliojifunza vibaya, na nadhani wa kuanza ni wewe. Mazoea hayaondoki kwa kujuta usiku, kwa sababu usiku hakuna kitambaa kilichoharibika mbele yako. Yanabadilishwa pale pale yanapoanzia. Hiyo futi ya mbao ihamishe. Itundike kwenye msumari ukuta wa pili, ambapo ni lazima usimame uende ndipo uifikie. Mezani tumia futi kamba. Halafu jiwekee neno moja la mapema, lenye "nikiona" na "nita" ndani yake. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi: mtu aliyesema "nitajitahidi kutulia" hufika mbali kidogo tu, na aliyesema "nikiona kosa, nitaweka mkasi chini na kunywa maji" hufika mbali zaidi, kwa kuwa jicho likiona, mwili una kazi nyingine ya kufanya. Chagua maneno yako mwenyewe. Yaseme kwa sauti asubuhi unapofungua kibanda.

Kabla ya yote hayo, muombe msamaha. Najua kwetu mkubwa kumwomba mdogo msamaha si jambo jepesi, shangazi kwa mtoto wa kaka ndiyo kabisa. Usimnunulie soda ukadhani ameelewa. Mwambie kwa maneno, na kwa vile aliaibishwa pale kibandani, mwambie pale pale: "Siku ile nilikosea kukupiga. Futi ni ya kupimia. Sitakupiga tena." Kisha unyamaze. Asipojibu, usimdai jibu. Ubongo wake utaendelea kukutarajia vibaya kwa muda, na kila siku utakaposimama nyuma yake pasitokee kitu, ndipo pengo litakapofanya kazi upande wenu.

Sasa kukata. Tafuta mfuko wa saruji, uchane, utoe ile karatasi ya kaki ya ndani iliyo safi. Kata pateni mpya ya mkono, ya kwake yeye, si yako. Upande mmoja aandike kwa mkono wake KUSHOTO, ageuze aandike KULIA, na ule mpinde uliochimbwa zaidi auandikie MBELE pande zote mbili. Mpe kitambaa cha bitana kilichobaki, akitandaze ubavu mmoja, achore mikono yote miwili. Asishike mkasi. Muulize, "Huu wa kwanza utakaa bega gani? Na huu?" Ajibu kwa kinywa chake kabla hujasema neno. Akishajibu, mwambie aweke pateni kwenye bega lake mwenyewe, kama ilivyolala kwenye mchoro, mpinde wa mbele uangalie kifuani. Ukiwa wa kushoto yote miwili, mmoja utaangalia mgongoni. Ataona mwenyewe. Sekunde tano tangu aliposema hadi alipoona, na hasara yake ni chaki, ambayo inapanguswa kwa kiganja.

Hapo kuna matarajio, kuna pengo, na havikutenganishwa na dakika ishirini wala na uso wako. Usiogope akijibu kwa kujiamini halafu akawa amekosea. Janet Metcalfe wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, amechunguza jambo hilo kwa muda mrefu, na ameona kwamba kosa ambalo mtu amelitamka kwa uhakika, likisahihishwa hapo hapo, sahihisho lake hukaa kichwani kuliko la kosa la kubahatisha. Mtu anashtuka, na mshtuko huo unamwelekeza kwenye jambo lenyewe. Ni tofauti na mshtuko wa futi.

Siku akigeuza pateni bila kukumbushwa, mwambie hasa alichokifanya: "Leo umegeuza kabla sijasema." Maneno ya "wewe hodari" hayamwambii arudie nini kesho. Na keshoyake akiharibu kidogo, kumbuka vifungo na kopo.

Kitu kimoja zaidi, na samahani nikiingia jikoni kwako. Umeniandikia saa tano usiku, naye yuko anaosha vyombo. Anaamka saa ngapi? Nadhani ni alfajiri, chai iwe tayari na kibanda kifagiliwe. Mkono hujifunza mchana, lakini ubongo unayapanga na kuyakaza yale uliyojifunza mtu akiwa amelala. Ukimkata usingizi unafumua usiku ulichoshona mchana. Vyombo vya usiku viosheni wawili, au vilale hadi asubuhi. Mpeleke pia akapimwe macho. Hospitali ya KCMC hapo mna idara kubwa ya macho, ni jambo la siku moja na linafuta shaka.

Msimu wa sare usikutishe. Sketi za marinda na mashati ya shule ni vitambaa vya rangi moja, visivyo na ndege wa kukaa kichwa chini. Vinakunjwa, na vikikunjwa anakata vizuri, umesema mwenyewe. Mwezi wa kumi na mbili atakuwa msaada wako mkubwa. Vitenge vya picha aendelee navyo kwenye karatasi, nusu saa asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja, kichwa kikiwa bado kipya.

Kuhusu ile methali ya kurudia kosa. Nimeisikia nikifokewa nayo utotoni, nami nimewafokea wengine kwayo, na leo naiona ina deni. Anayerudia kosa lile lile mara tatu kwa namna ile ile anatuonyesha mahali hasa ambapo somo letu halijamfikia. Ungemwona anakosea kila mara kivingine, ningeogopa zaidi.

Ile mikono ya kitenge cha Dar usiitupe. Mama wa sendofu umlipe au mwelewane, hilo ni lako na yeye, binti asidaiwe. Lakini mikono yenyewe ihifadhi. Miwili ya kushoto, kinachokosekana ni miwili ya kulia. Akishaipata mara kadhaa kwenye karatasi ya saruji, mpe kitenge kingine cha picha kinachoendana nacho rangi, mwambie ailaze ile mikono mezani, aitazame, achore wenzake wawili, halafu akuambie kila mmoja utakaa bega gani. Ukiwa umekaa kwenye kiti chako, na futi iko ukutani. Kisha niandikie.